Feni ya Darini na Safari ya Hewa Chumbani
Somo la afya kwa kaya za Birmingham wakati wa joto

Tarehe 19 Julai 2022, huko Coningsby, Lincolnshire, kipimajoto kilionyesha nyuzijoto 40.3. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Uingereza kuvuka nyuzi 40. Katika vipindi vya joto kali vya kiangazi kile, vifo vya ziada karibu 3,000 vilikadiriwa nchini England, na wengi wa waliofariki walikuwa wazee.

Aliyekulia Mombasa, Unguja au Dar es Salaam hujua dawa moja ya joto: kuwasha feni. Dawa hiyo ni njema, lakini ina kipimo chake. Somo hili laeleza namna feni inavyoisambaza hewa, ni feni ipi ifaayo nyumba ipi, na ni wakati gani haipaswi kutegemewa.

1. Feni humpoza mtu, haikipozi chumba

Mwili hujipoza kwa jasho. Jasho linapokauka juu ya ngozi huondoka na sehemu ya joto la mwili. Hewa ikitulia, tabaka lenye unyevu huizunguka ngozi na jasho huchelewa kukauka. Kazi ya feni ni kuliondoa tabaka hilo na kuleta hewa nyingine mahali pake. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani hakitashuka kwa sababu ya feni. Tena mota yenyewe huongeza joto kidogo.

Kutokana na hayo hufuata kanuni mbili. Kwanza, feni izimwe chumba kinapokuwa hakina mtu, kwa kuwa haina wa kumpoza. Pili, feni ambayo upepo wake haumfikii mtu haimsaidii, hata iwe na nguvu kiasi gani.

2. Hewa hushuka, husambaa, kisha hupanda

Neno pangaboi, ambalo wengi hulitumia kwa feni ya darini, linakumbusha enzi ambapo mtumishi alivuta kamba ili kulipeperusha pazia lililotundikwa juu ya watu. Umeme ulichukua nafasi ya mkono huo mwishoni mwa karne ya 19. Birmingham nayo ilishiriki: kiwanda cha Veritys mtaani Aston kilikuwa miongoni mwa waliotengeneza feni za umeme.

Mapanga ya feni hulazwa kwa mshazari ili yanapozunguka yaisukume hewa chini. Hewa hiyo hushuka kama nguzo, hufika sakafuni, husambaa pande zote mithili ya maji yaliyomwagwa uani, hugonga kuta, hupanda, kisha hurudi juu ya mapanga. Ndiyo maana feni moja iliyo katikati huweza kuhudumia chumba kizima, ingawa aketiye chini yake hupata upepo mwingi kuliko aliye pembeni.

Mambo manne huamua ubora wa mzunguko huo:

• Mahali: katikati ya chumba, mbali na kuta na makabati marefu.
• Nafasi juu ya mapanga: yakikaribia dari mno, feni hukosa hewa ya kuvuta. Sentimita 20 hadi 30 zinafaa.
• Upana: mapanga marefu yaendayo polepole husogeza hewa nyingi kwa kelele ndogo. Feni nyingi za nyumbani zina upana wa sentimita 120 hadi 140.
• Mwelekeo: wakati wa joto upepo ushuke. Anayesimama chini ya feni na asihisi upepo aangalie swichi ya kugeuza mzunguko.

3. Feni ya kichwa kinachogeuka

Ipo aina nyingine ya feni ya darini. Hiyo ina mapanga mafupi ndani ya kizimba cha nyaya, na kichwa chake chote huzunguka polepole, kikielekeza upepo kila upande kwa zamu. Upepo wake haudumu mahali pamoja, bali humfikia kila mmoja, humpita, kisha humrudia. Penye watoto wanaolala kwenye magodoro kadhaa, mpango huo ni wa haki kuliko feni iliyoelekezwa upande mmoja usiku kucha. Feni ya mezani au ya kusimama yenye kichwa kinachogeuka kushoto na kulia hufanya kazi iyo hiyo, na haihitaji kutoboa dari.

4. Dari ipimwe kabla ya kununua

Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zina dari ndefu na kuta nene za mawe, nazo zilijengwa zikitazamia joto. Nyumba za Birmingham zilijengwa kwa kuogopa baridi. Kwa usalama, mapanga yanapaswa kuwa mita 2.3 au zaidi kutoka sakafuni, ili mtu anayeinua mikono au kumbeba mtoto begani asijeruhiwe.

Tuchukue mifano miwili. Chumba cha mbele katika nyumba ya safu ya zamani kina dari ya mita 2.75. Mapanga yakining'inia sentimita 30 chini ya dari, yatakuwa mita 2.45 kutoka sakafuni, yanafaa. Ghorofa ya kisasa ina dari ya mita 2.4. Mapanga yale yale yatakuwa mita 2.1, hayafai. Hapo feni ya kusimama yenye kichwa kinachogeuka ndiyo chaguo sahihi. Vivyo hivyo, feni ya darini isiwekwe juu ya kitanda cha ghorofa.

Mpangaji aombe idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kupachika chochote darini. Ndoano ishikwe na boriti, si na ubao wa plasta pekee, wala feni isitundikwe kwenye kishikio cha taa kisichokusudiwa kubeba uzito unaozunguka. Nyaya ziunganishwe na fundi umeme aliyesajiliwa. Tahadhari nyingine ni muhimu sana: dari za mapambo yaliyokwaruzwa, katika nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 2000, huenda zina asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Zisitobolewe wala kusuguliwa kabla ya kuchunguzwa.

5. Feni na dirisha vishirikiane

Feni peke yake haileti hewa mpya, huizungusha iliyomo. Chumba kilichofungwa chenye mgonjwa wa kikohozi kitabaki na hewa ile ile, ikipita kwa kila aliyemo. Kwa hiyo dirisha lina kazi ambayo feni haiwezi kuifanya.

Mchana, hewa ya nje ikiwa na joto kuliko ya ndani, madirisha na mapazia ya upande wa jua yafungwe. Jambo hili huwa gumu kwa wazoefu wa pwani, ambako dirisha hufunguliwa ili kuupokea upepo wa kusi au kaskazi. Lakini katika jiji lisilo na upepo wa bahari, dirisha lililo wazi wakati huo huingiza joto. Jua likishatua na nje kukapoa, madirisha ya pande mbili za nyumba yafunguliwe ili hewa ipenye, maadamu ni salama. Feni ikiwekwa karibu na dirisha moja ikielekezwa nje, husukuma nje hewa ya moto, nayo ya baridi huingia kupitia dirisha la pili. Kwenye ghorofa za juu, feni, viti na vitanda visiwe ngazi ya mtoto kufikia dirishani.

Gharama isiwatie hofu wenye nyumba. Feni ya wati 50 ikiwashwa kwa saa 8 hutumia uniti 0.4 tu ya umeme.

6. Mpaka wa nyuzijoto 35

Joto la chumba likifika nyuzi 35, feni isitegemewe tena. Kwa kawaida ngozi ina joto karibu na kiwango hicho. Hewa yenye joto zaidi, ikipulizwa mwilini, huuongezea joto badala ya kuupunguza. Mzee huenda akafarijika kwa upepo huku mwili wake ukizidi kupata moto na kupoteza maji. Kwa sababu hii kipimajoto cha chumbani ni mwenzi wa feni.

Kiwango hicho kikifikiwa, watu wahamie chumba chenye baridi zaidi nyumbani, au waende mahali penye ubaridi kama maktaba au msikitini au kanisani. Wanywe maji mara kwa mara, na ngozi ilowanishwe kwa maji ya kawaida. Mtu anayetumia dawa za moyo, figo au shinikizo la damu asiziache, bali amuulize mfamasia au daktari. Mtoto mchanga asielekezewe upepo wa feni moja kwa moja. Chumba chake cha kulala kinafaa kiwe na nyuzi 16 hadi 20 inapowezekana, na avikwe nguo nyepesi.

7. Dalili zisizopaswa kungojewa

Kizunguzungu, kuumwa kichwa, kichefuchefu, jasho jingi, misuli kukaza na kiu kikali ni ishara za mwili kuzidiwa na joto. Mgonjwa apelekwe mahali pa baridi, alazwe na miguu iinuliwe kidogo, apewe maji, ngozi ilowanishwe na apepewe.

Ikiwa dakika 30 zimepita naye hajapata nafuu, au amechanganyikiwa, ana degedege, amepoteza fahamu, au ngozi yake ni ya moto bila jasho, ipigwe simu 999 mara moja. Kwa ushauri usio wa dharura, namba ni 111. Anayepiga anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Maswali ya kujipima

Swali: Feni imewashwa mchana kutwa katika chumba kisicho na mtu. Je, chumba kitapoa?
Jibu: La. Umeme umetumika bure.

Swali: Dari ni mita 2.4. Feni gani inafaa?
Jibu: Ya kusimama au ya mezani, yenye kichwa kinachogeuka.

Swali: Kipimajoto chaonyesha nyuzi 36, na bibi amelala mbele ya feni akisema hajambo. Afanyiwe nini?
Jibu: Ahamishiwe penye ubaridi, apewe maji, alowanishwe ngozi, wala asiachwe peke yake. Katika siku za joto, kumpitia jirani mzee asubuhi na jioni huokoa maisha.