Mji wa Mértola: Msikiti Uliobaki na Jamaa Iliyoondoka

Ndugu zetu Waislamu, likitajwa jina la Andalusi wengi wetu hukumbuka Kurtuba, Ishibiliya na Gharnata, tukasikitika, kisha mazungumzo yakaishia hapo. Walakini Andalusi haikuwa nchi ya Hispania peke yake. Upande wake wa magharibi, ulioitwa na Waarabu al-Gharb, leo ni sehemu ya Ureno. Na jina hilo lingali hai katika jimbo la kusini liitwalo Algarve. Katika darasa hili twakusudia kueleza khabari za mji mmoja mdogo wa nchi hiyo, nao ni Mértola. Tumeuchagua kwa kuwa mambo yaliyoufika yana mafunzo makubwa kwetu sisi watu wa mwambao.

MAHALI PAKE

Mértola uko kusini mashariki ya Ureno, katika wilaya ya Beja, na upande wake wa mashariki umepakana na Hispania. Eneo la utawala wake ni kubwa, lapata kilomita za mraba 1,290, lakini katika hesabu ya mwaka 2021 wakazi wake walikuwa kama 6,200 tu. Ardhi yake ni kavu na yenye mawe, na jua lake la kiangazi ni kali.

Mji wenyewe umejengwa juu ya mlima wa mawe, mahali ukutanapo mto Guadiana na kijito cha Oeiras. Warumi waliuita mto huo Anas. Waarabu walipofika wakautia neno lao la wadi, ukawa Wadi Ana, na kutokana na hilo likapatikana jina la leo. Kutoka baharini hadi mjini ni mwendo wa kilomita kama 70, na maji kupwa na kujaa hufika mpaka hapo. Juu zaidi kuna maporomoko yaitwayo Pulo do Lobo, ambayo chombo hakiwezi kuyapita. Basi kwa sababu hiyo Mértola ukawa mwisho wa safari za vyombo na mwanzo wa njia za nchi kavu. Nafaka ya mashamba ya Beja na madini ya milimani yaliteremshwa hapo, na bidhaa za bahari ya Kati zikapandishwa hapo. Msomaji wa mwambao hahitaji kufafanuliwa zaidi jinsi bandari inavyouzaa mji.

ZAMA ZA UISLAMU

Waislamu walivuka kuingia Andalusi mwaka 711, yaani mwaka 92 wa Hijra. Mji wa Warumi ulioitwa Myrtilis ukawa Martula. Katika karne ya 11, Andalusi ilipogawanyika vipande vipande, Martula nao ulijitenga ukawa na mtawala wake, Ibn Tayfur, mpaka mtawala wa Ishibiliya alipouteka mwaka 1044.

Kisha nchi ikashikwa na dola ya Murabitun kutoka Maghribi. Dola hiyo ilipoanza kudhoofika alitokea mtu wa upande wa Silves aitwaye Ibn Qasi. Mtu huyo aliuza mali yake, akashika njia ya tasawuf, akakusanya wafuasi walioitwa muridi. Alitunga kitabu, Khal' al-Na'layn, ambacho baadaye kilisherehewa na Ibn Arabi. Lau angeishia hapo, pengine leo angetajwa kwa uchaji peke yake. Lakini alijiita Imamu, na wanahistoria wasimulia kuwa alidai kuwa yeye ndiye Mahdi. Mwaka 1144, sawa na 539 wa Hijra, kundi la wafuasi wake wapatao 70 waliivamia ngome ya Martula usiku wakaitwaa, naye akaingia mjini kama mtawala, hata sarafu zikapigwa kwa jina lake.

FITINA

Haukupita muda ila waliosimama pamoja naye wakagombana. Ibn Wazir, aliyekuwa mshirika wake, akamwondoa. Ibn Qasi akavuka bahari kuwaomba msaada Muwahhidun, akarudi na jeshi lao mwaka 1146, akapewa Silves. Kisha akawaasi hao pia. Na alipoona hana tena wa kumsaidia miongoni mwa Waislamu, alifanya mapatano na Afonso Henriques, mfalme wa Wareno, ambaye alimpelekea farasi, ngao na mkuki. Watu wa Silves hawakulivumilia jambo hilo. Mwaka 1151 walimwua, na yasimuliwa kuwa kichwa chake kilitungikwa juu ya mkuki ule ule aliopewa na mfalme.

Hapa yatupasa kusimama tufikiri. Mtu huyu alianza kwa kuita watu kwenye dini, akaishia mkononi mwa adui wa dini. Wala hakufika huko kwa siku moja. Alifika kwa kudai cheo asicho nacho, na kwa kuwaona ndugu zake wanaompinga kuwa ni wabaya kuliko walio nje.

Muwahhidun waliushika mji, wakaujenga. Msikiti mkuu wa Martula ulijengwa katika nusu ya pili ya karne ya 12. Lakini dola yao nayo ilivunjika kwa ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1238, katika zama za mfalme Sancho II, mji ulitekwa na jamii ya askari wa kidini iitwayo Santiago, na mwaka uliofuata wakakabidhiwa wautawale. Miaka 11 baada ya kutekwa Martula, yaani 1249, Faro ulianguka, na utawala wa Kiislamu katika Ureno ukamalizika.

KILICHOBAKI

Askari hao hawakuubomoa msikiti, waliugeuza kanisa. Dari lake lilijengwa upya katika karne ya 16, lakini milango yenye matao ya umbo la kwato ya farasi ingalipo, na mihirabu ingali ukutani, nyuma ya madhabahu, pamoja na nakshi zake za chokaa.

Waislamu waliobaki Ureno waliishi katika mitaa yao mpaka mwaka 1496, ambapo mfalme Manuel alitoa amri Waislamu na Mayahudi waondoke katika nchi. Mwaka wa pili yake mfalme huyo huyo alimtuma Vasco da Gama, aliyekuwa mmoja wa jamii hiyo ya Santiago, na mwezi wa Aprili 1498 merikebu zake zikatia nanga mbele ya Mombasa. Basi khabari za Mértola si khabari za mbali nasi kama zidhaniwavyo.

Baadaye mji ulififia. Kampuni ya Kiingereza ilichimba shaba na kibiriti katika machimbo ya São Domingos tangu karne ya 19, na mwaka 1966 machimbo yakafungwa, watu wakahama. Ndipo mwaka 1978 mtaalamu Cláudio Torres na wenzake walipoanza kufukua karibu na ngome. Chini ya makaburi ya Wakristo waliukuta mtaa mzima wa zama za Muwahhidun: nyumba zenye ua katikati na vyumba kandokando, majiko, vyoo na mifereji ya maji machafu. Walivitoa vyombo vya udongo vyenye rangi na nakshi, ambavyo leo vimewekwa katika jumba la makumbusho la mji.

MAFUNZO

La kwanza: kuta si msikiti. Mihirabu ya Mértola imesimama zaidi ya miaka 800, lakini jamaa iliyokuwa ikisali mbele yake haipo. Sisi twashindana kuchangia minara na mazulia, na hilo ni jema. Lakini msikiti usio na darasa wala vijana wake ni jengo linalongojea mwenyewe mwingine.

La pili: Mwenyezi Mungu ametuamrisha tushikamane wala tusifarikiane. Upanga wa adui uliingia Martula kwa mlango uliofunguliwa na fitina. Ugomvi wetu wa mwandamo wa mwezi na wa uongozi wa misikiti tusiuone kuwa mdogo.

La tatu: mambo ya Waislamu wa Mértola yamejulikana kwa mikono ya wasiokuwa Waislamu, kwa kuwa wenyewe hawakubaki kuyasimulia. Hata hapa kwetu, magofu ya Gedi yalifukuliwa na Mwingereza, James Kirkman, tangu mwaka 1948. Sisi tungalipo, na wazee wetu wangalipo. Basi kila darasa na liandike tarikhi ya msikiti wake: nani aliujenga, wakfu wake ni upi na hati zake ziko wapi, maimamu wake walikuwa kina nani, na maandishi ya mawe yake yasemaje. Kazi hii haihitaji mali. Yahitaji daftari, kalamu, na mtu wa kumkalia mzee kitako kabla hajaondoka.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wanaosikia maneno wakafuata yaliyo mema. Amin.