Mipaka ya Kata: Mwamba Ngoma Huvutia Kwake



Mpaka wa kata hauonekani kwa macho. Mtu aweza kuuvuka mara kumi kwa siku, akienda kisimani na sokoni, wala asijikwae. Hauna ukuta, wala mlango, wala askari. Walakini mstari huo uliochorwa katika ramani ndio unaoamua ni nani atakayesema kwa ajili yetu katika baraza la mji, barabara ya nani itengenezwe kwanza, na maji yafike mtaa gani. Kwa hiyo yatupasa kujua mistari hiyo huchorwaje, na nani huichora, na kwa kipimo gani.

Wazee wetu husema, Mwamba ngoma huvutia kwake. Naye apewaye kuchora mpaka wa kura zake mwenyewe, ni vigumu asiivute ngozi upande wake. Katika somo hili tutatazama kwanza mahali pawili katika Marekani ambapo ngozi ilivutwa: pa kwanza kwa umbo la mpaka, pa pili kwa hesabu ya watu. Kisha tutaona jinsi sheria ya Kenya inavyojaribu kuuzuia mkono wa mwambaji.

I. Mpaka wenye pande 28

Tuskegee ni mji mdogo katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Jina lake lajulikana mbali kwa ajili ya chuo kilichoanzishwa huko mwaka 1881, ambacho mkuu wake wa kwanza alikuwa Booker T. Washington. Katika wilaya ile watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe, lakini kwa hila nyingi walizuiwa wasiandikishwe kupiga kura. Hata hivyo majina yao katika daftari yalizidi kuongezeka, na watu weupe walioushika mji wakaanza kuogopa.

Mwaka 1957 bunge la Alabama likatunga sheria ya kubadili mpaka wa mji. Zamani mpaka huo ulikuwa mraba, wenye pande nne tu. Sheria mpya ikaufanya uwe na pande 28, ukipinda huku na huku kati ya nyumba na nyumba. Watu walipohesabu, waliona kwamba katika wapiga kura weusi wapatao 400, wanne au watano tu walibaki ndani. Mpiga kura mweupe hata mmoja hakutolewa. Hakuna mtu aliyehama nyumba yake. Kila mmoja aliamka katika kitanda chake kama siku zote, lakini mji ulikuwa umemhama.

Watu wale hawakushika silaha. Wakiongozwa na Charles Gomillion, mwalimu katika chuo kile, waliacha kununua katika maduka ya weupe wa mjini, hata maduka kadhaa yakafungwa. Tena wakapeleka shauri lao kwa waamuzi. Mahakama mbili zikawakataa, wala hawakukata tamaa. Tarehe 14 Novemba 1960 Mahakama Kuu ya Marekani ikatamka kwamba shauri lao ni la haki kusikilizwa, kwa kuwa jimbo halina ruhusa kuutumia mpaka kumnyang'anya mtu kura kwa ajili ya rangi yake. Mwaka 1961 mpaka wa zamani ukarudishwa. Mwaka 1972 wenyeji wakamchagua Johnny Ford, mtu mweusi wa kwanza kuwa meya wa mji ule.

II. Watu 414 na watu 67,906

Huko Tuskegee watu walitupwa nje ya mstari. Katika wilaya ya Midland, jimbo la Texas, hawakutupwa nje, bali walirundikwa pamoja ndani ya mstari mmoja. Wilaya ile ilikuwa na baraza lililotoza kodi, likatengeneza barabara na kupanga matumizi ya fedha. Wajumbe wanne walichaguliwa, mmoja kwa kila sehemu ya wilaya; wa tano alichaguliwa na watu wote, naye kwa desturi alipiga kura pale tu wenzake walipogawanyika sawasawa.

Sasa tazameni hesabu ya watu katika zile sehemu nne, kama ilivyokadiriwa mwaka 1963:

Sehemu ya kwanza: 67,906.
Sehemu ya pili: 852.
Sehemu ya tatu: 414.
Sehemu ya nne: 828.

Jumla yao ni 70,000. Karibu mji wote wa Midland ulikuwa katika sehemu ya kwanza, nao ulikuwa na mjumbe mmoja. Watu 2,094 wa mashamba walikuwa na wajumbe watatu. Ukigawanya 67,906 kwa 414 utapata 164. Maana yake, mtu mmoja wa sehemu ya tatu alikuwa na uzito wa watu 164 wa mjini, na watu wa mjini walilipa kodi iliyopangwa na baraza ambalo hawakuweza kulishinda kwa kura.

Waliotetea mpango ule walikuwa na neno la kusema, nasi tusilidharau. Walisema kwamba watu wa mashamba ni wachache, lakini nchi yao ni pana na barabara zao ni ndefu, na kazi nyingi za baraza zahusu mashamba kuliko mji. Shauri likafika Mahakama Kuu, nayo ikatoa hukumu tarehe 1 Aprili 1968. Waamuzi watano walikubaliana, watatu wakapinga. Mwamuzi Byron White akaandika kwa niaba ya wale watano kwamba baraza lile lina mamlaka juu ya watu wote wa wilaya. Kwa hiyo sehemu zake zapasa kuwa na watu wanaokaribiana kwa hesabu. Tangu hapo kanuni ya mtu mmoja, kura moja, ikashuka toka mabunge makubwa hata mabaraza madogo ya wilaya na miji.

III. Hesabu peke yake haitoshi

Pengine msomaji atasema, Basi, tuhesabu vichwa, tugawe sawasawa, na kazi imekwisha. La, haijaisha. Nitatoa mfano wa kufikiri tu.

Mji una watu 4,000 na kata nne, kila kata watu 1,000. Katika mji huo kuna mtaa wa wavuvi wenye watu 1,200, wote pamoja kando ya maji. Mchoraji wa kwanza anauacha mtaa ule pamoja kadiri awezavyo. Wavuvi wanajaza kata moja, nao wanamchagua diwani anayejua habari za mitumbwi na soko la samaki. Mchoraji wa pili anaukata mtaa vipande vinne, watu 300 katika kila kata. Hesabu yake ni sawasawa kabisa, kata zote zina watu 1,000. Lakini katika kila kata wavuvi ni 300 mbele ya wengine 700, na wasipopata wenzi hawatamchagua diwani wao hata siku moja. Kwa hiyo mpaka wa haki wataka mambo mawili pamoja: hesabu zikaribiane, na majirani wenye shida moja wasitenganishwe bila sababu.

IV. Sheria ya Kenya

Huko Kenya kata huitwa wadi. Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kuyashika mambo hayo mawili pamoja. Kwanza, kazi ya kuchora haikuachiwa wabunge wala madiwani, bali Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Pili, kiliwekwa kipimo: chukua hesabu ya watu wote wa nchi, uigawe kwa hesabu ya wadi. Mwaka 2009 walihesabiwa watu 38,610,097. Wadi ni 1,450, na 85 katika hizo zimo Nairobi. Kipimo basi kilikuwa watu kama 26,600 kwa wadi moja.

Lakini Katiba yaruhusu kuzidi au kupungua: sehemu 40 katika mia kwa majiji na kwa nchi zenye watu wachache, na sehemu 30 katika mia mahali pengine. Ruhusa hiyo ni kwa ajili ya hali ya nchi na miji, njia za kusafiri, na umoja wa watu katika mambo yao, historia, uchumi na desturi. Hapa ndipo hoja ya watu wa mashamba ya Midland ilipopewa nafasi, lakini nafasi yenye ukomo. Wadi moja yaweza kuwa na watu 16,000, na nyingine 37,000, zote mbili kwa halali. Tofauti hiyo ni kubwa, zaidi ya mara mbili. Ila si mara 164.

Tume ilipotoa mipaka yake Machi 2012, wengi hawakuridhika, na mashauri zaidi ya 100 yalipelekwa mahakamani kabla ya hukumu ya Julai mwaka ule. Katiba yaagiza mipaka itazamwe tena baada ya miaka isiyopungua minane wala kuzidi kumi na miwili, kwa kuwa watu huhama na miji hukua. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 47,564,296. Walakini Machi 2024 ilipita na kazi haijafanyika, kwa maana tume wakati huo haikuwa na makamishna. Kwa hiyo jambo hili tulikumbuke: mpaka uliochorwa vema nao huchakaa usipotazamwa.

Maswali ya kujifunza

1. Katika Tuskegee na katika Midland, ngozi ya ngoma ilivutwaje? Eleza tofauti.
2. Kwa nini kata zenye hesabu sawa zaweza bado kuwadhulumu watu?
3. Mtu wa nchi pana yenye watu wachache ana haki gani ya kuongezewa, na ukomo wake uwe wapi?
4. Kata yako ina watu wangapi, na kata ya jirani wangapi? Mipaka yake ilichorwa mwaka gani, na nani aliichora? Ulizeni, mkaandike majibu, mkayasome pamoja.