Sinema Pasipo Kamera

Kwa kawaida sinema hupigwa kwa kamera. Hata hivyo, Norman McLaren (1914–1987), mchoraji wa katuni mzaliwa wa Uskoti aliyejiunga na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada mwaka 1941, alitengeneza filamu kadhaa pasipo kutumia chombo hicho. Alichora kwa kalamu na wino moja kwa moja juu ya ukanda wa filamu wenye upana wa milimita 35. Katika Begone Dull Care (1949), yeye na Evelyn Lambart waliupaka ukanda rangi, wakaukwaruza, na hata kutumia vitambaa na vumbi ili kupata madoa na michoro mbalimbali.

Je, msingi wa kazi hiyo ni upi? Mashine ya kuonyeshea sinema hupitisha picha 24 kila sekunde. Kila picha husimama kitambo kidogo mbele ya taa, kisha mwanga huzibwa wakati picha inayofuata inapovutwa. Basi, juu ya ukanda hamna kitu kinachokwenda. Macho hupokea picha zilizotulia, na ubongo ndio unaoziunganisha zikawa mwendo. Kwa sababu hiyo McLaren alishikilia kuwa tofauti baina ya picha moja na ile inayofuata ni jambo kubwa kuliko picha yenyewe. Katika Blinkity Blank (1955) alichora kwa kuuparuza ukanda mweusi kwa sindano na wembe, akaacha sehemu nyingi bila picha yoyote. Hata hivyo watazamaji waliona ndege wakirukaruka.

Sauti nayo aliichora. Kando ya picha pana njia nyembamba ya sauti. Mwanga unaopenya hapo huangukia seli ya mwanga, na mabadiliko yake hugeuzwa kuwa umeme, kisha sauti. Mistari 10 iliyopangwa sawasawa kando ya kila picha hutoa mitetemo 10 × 24, yaani 240 kwa sekunde. Mistari 20 hutoa mitetemo 480, na sauti hupanda oktava moja.

Jaribio

Mwanafunzi achukue kurasa 11 za daftari, achore nukta moja pembezoni mwa kila ukurasa. Kila nukta iwe milimita 10 chini ya ile iliyotangulia. Katika daftari la pili, nukta zishuke kwa milimita 1, 3, 5, 7, na kuendelea hadi 19. Katika madaftari yote mawili nukta itashuka jumla ya milimita 100. Kisha kurasa zipeperushwe upesi kwa mwendo ulio sawa.

Maswali

1. Ni nukta ipi inayofanana na jiwe linaloanguka? Eleza sababu.
2. Filamu ya dakika 5 huhitaji picha ngapi?
3. Ni mistari mingapi kwa kila picha itakayotoa mitetemo 360 kwa sekunde?