Mgongo Unauma Kila Siku: Ulale au Utembee?

Leo hatuzungumzii mgongo wa babu. Ni wako wewe kijana unayebeba madumu ya maji, unayeshinda kwenye bodaboda au umeinamia cherehani tangu asubuhi.

Tuchukue mfano wa binti fundi cherehani, miaka 22. Siku moja alinyanyua robota la vitambaa, mgongo ukakataa. Akalala siku tatu. Sasa ni mwezi wa nane, na asubuhi bado anainuka kwa kushika ukuta. Mama anamwambia, "Lala mwanangu, usije ukajivunja." Baba mdogo anasema, "Huyo anatega kazi tu." Je, nani yuko sahihi? Hakuna. Wote wawili wamekosea, ingawa kosa la mama linatoka kwenye huruma.

Maumivu ya mgongo yakipita miezi mitatu huitwa sugu. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo, kwa hiyo usijione kioja. Kwa wengi wao daktari hakuti mfupa uliovunjika wala kuoza. Lakini ngoja! Hiyo haina maana kwamba unajisingizia. Umewahi kuona mbwa wa mlinzi aliyevamiwa na mwizi? Mwizi keshaondoka zamani, lakini mbwa anabweka hata paka akipita. Neva na ubongo huweza kufanya hivyohivyo: jeraha limepona, king'ora kimebaki. Maumivu ni ya kweli kabisa, ila siyo kila unapoumia kuna kitu kinachovunjika.

Na kulala je? Ukilala sana misuli inalegea na viungo vinakakamaa. Ukiinuka unaumia zaidi, basi unarudi kitandani. Mwaka 1995 watafiti wa Helsinki, Ufini, walilinganisha wafanyakazi ambao migongo ilikuwa imeanza kuuma karibuni. Wengine walilazwa kitandani siku mbili, wengine walipewa mazoezi, wengine waliambiwa waendelee na shughuli kadiri wanavyoweza. Hawa wa mwisho ndio waliopona haraka zaidi. Siku mbili tu za kitanda zilitosha kuwachelewesha wenzao, sembuse miezi! Kwa maumivu sugu nako, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 mtu apewe elimu na mazoezi, na likakataa mikanda ya mgongo kuwa tiba ya kawaida. Ile mikanda unayouziwa stendi, basi, bora ununue matunda.

Sasa kuna mtego mwingine, na vijana ndio tunaounasa zaidi. Siku mgongo umepoa, unataka kufidia kila kitu: unafua nguo zote, unateka maji, jioni unacheza mpira. Kesho yake huinuki, na keshokutwa vilevile. Dawa ya mtego huu ni saa, siyo maumivu. Yule fundi wetu ajipime: anaweza kukaa kwenye cherehani dakika ngapi kabla mgongo haujachachamaa? Tuseme 20. Basi afanye kazi dakika 15, asimame, azunguke chumba, ajinyooshe, arudi. Asimame hata kama bado hajaumia! Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu unajiona uko poa. Wiki inayofuata aongeze dakika mbili. Siku mbaya asilale kutwa, apunguze tu. Kutembea nako ni hivyohivyo: anza na umbali unaoumudu hata siku mbaya, uongeze polepole. Ukiumia kidogo zaidi mwanzoni usishtuke. Kama zahanati yako inaweza kukuelekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia, nenda.

Vidonge vya maumivu kama diklofenaki visiwe chakula chako cha kila siku. Vinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Muulize mhudumu wa afya kwanza.

Lakini soma hapa taratibu. Kuna mgongo usiotaka mazoezi kwanza, unataka hospitali. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu; huingia pia kwenye pingili za uti wa mgongo na kuzila polepole. Mgongo ukiuma hata usiku umetulia, ukiwa na homa, jasho la usiku, unakonda, au umeota kinundu mgongoni, nenda ukapimwe mapema. Kinatibika kwa dawa za miezi kadhaa, na Tanzania dawa hizo hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Ukichelewa, miguu inaweza kupooza. Miguu ikiishiwa nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi, au ukishindwa kuzuia haja au kukojoa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vilevile ukiumia mgongo kwa kuanguka au ajali.

Kama umeshapimwa na hakuna hatari hizo, iliyobaki ni kuongea nyumbani, na hiyo si kazi ndogo. Chagua wakati mama ametulia. Usiseme tu "naumwa", sema unachoweza na usichoweza: "Mama, ndoo nzima inanishinda, lakini niachie niteke nusu, nitaenda mara mbili. Na ukiniona nimesimama katikati ya kazi, sijachoka, dakika zangu zimeisha." Baba mdogo naye umwambie hayohayo, tena mbele ya mama.