Hukumu Iliyotolewa Bila ya Mdaiwa Kuitwa

Watu wengi hudhani kwamba hukumu ikishatolewa kortini haina njia ya kuondolewa ila kwa kukata rufani. Sivyo. Katika mashauri ya madai iko njia nyingine, na yafaa ye yote aijue, hasa yule aonaye dalali wa korti akimfungulia ng'ombe zizini kwa kesi ambayo hakupata kuisikia.

Mdaiwa huitwa kwa samansi. Kanuni za Kenya za mwaka 2010 zasema kwamba siku anazopewa za kuitikia zisipungue 10. Inapowezekana, samansi hutiwa mkononi mwake mwenyewe. Asipoonekana, aweza kupewa wakala wake, au mtu mzima wa jamaa yake akaaye pamoja naye. Na kama hapana hata mmoja, baada ya kutafuta kwa bidii, hati hubandikwa mlangoni. Tangu mwaka 2020 yaweza kupelekwa pia kwa barua-pepe au kwa simu ya mkononi. Kisha aliyeipeleka huapa kwa maandishi, akitaja saa, namna alivyoitoa, na ni nani aliyemwonyesha mdaiwa. Kwa kiapo hicho hakimu huamini kwamba mdaiwa ameitwa akanyamaza, na mdai akiomba hukumu, hupewa.

Basi tuchukue mfano. Mtu wa Machakos afanya kazi Mombasa. Samansi yake alipewa jirani, naye akaiweka juu ya kabati. Jirani si jamaa yake, wala hawakai nyumba moja; ujirani mwema si ukoo. Hukumu iliyojengwa juu ya samansi hiyo ina kombo tangu mwanzo. Mdaiwa haombi hisani, bali hudai haki yake, wala haulizwi kwanza kama ana utetezi mzuri. Mahakama ya Rufani ilieleza jambo hilo waziwazi mwaka 2016. Tena aliyepeleka hati aweza kuitwa aulizwe maswali kwa kiapo, na hapo ndipo maneno ya kubuni hufichuka.

Lakini ikiwa samansi ilimfikia sawasawa, naye akasahau siku, mambo ni mengine. Hukumu hiyo ni halali, na kuitangua ni hiari ya hakimu. Yampasa mwombaji aeleze kwa nini alichelewa, na aonyeshe utetezi anaokusudia kuuleta. Katika shauri la Patel la mwaka 1974 ilisemwa kwamba si lazima utetezi huo uwe wa kushinda. Yatosha uwe na jambo lifaalo kusikilizwa. Walakini katika shauri la Shah na Mbogo, mwaka 1967, Mahakama Kuu ilisema hiari hiyo ni kwa aliyepatwa na ajali au kosa la kusameheka, si kwa anayekwepa makusudi ili kuchelewesha haki. Mwaka uliofuata rufani yake nayo ikashindwa.

Ombi hupelekwa katika korti ile ile iliyotoa hukumu, pamoja na hati ya kiapo. Humo humo aombe utekelezaji usimamishwe, maana ombi la kutangua peke yake halimzuii dalali. Wala asikawie: hakimu atauliza alipata habari lini. Tena, hukumu iliyotolewa mdaiwa asipoitikia haitekelezwi mpaka apewe taarifa yake ya siku zisizopungua 10. Dalali akifika bila ya taarifa hiyo kutangulia, hilo nalo liandikwe katika kiapo.