MRUNDIKANO WA VITU NYUMBANI NA AFYA YA WAKAAO HUMO

Watu wengi wakisikia neno "usafi" hufikiri juu ya maji, sabuni na ufagio tu. Lakini nyumba yaweza kufagiwa kila asubuhi na bado ikawa chanzo cha maradhi, kwa kuwa ufagio haupiti mahali palipojaa vitu. Uvunguni mwa kitanda mna masanduku ambayo hayajafunguliwa miaka mingi. Nyuma ya mlango pana magunia ya nguo zisizovaliwa. Uani pana matairi, makopo ya rangi na viti vilivyovunjika. Katika makala haya tutaeleza jinsi makorokoro hayo yanavyoudhuru mwili na moyo wa mwanadamu, kisha tutaangalia dini yatufundisha nini juu ya jambo hilo.

Kwanza yafaa tufahamu kwamba wingi wa vitu peke yake si mrundikano. Seremala ana vyombo vingi, lakini kila kimoja kina kazi yake na mahali pake. Mrundikano ni vitu visivyo na kazi wala mahali, ambavyo hata mwenyewe hawezi kuvitaja vyote.

1. Mbu wa mchana

Tukitaja mbu, mara moja twaikumbuka malaria na mbu waumao usiku. Lakini yuko mbu mwingine, mweusi mwenye madoa meupe, ambaye wataalamu humwita Aedes aegypti, naye huuma mchana. Huyu hahitaji kinamasi. Maji kidogo yaliyotuama katika tairi, kopo, kifuu au chombo cha maua yamtosha. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yaweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa. Mvua ikinyesha huanguliwa, na baada ya siku saba hadi kumi hivi mbu kamili huruka. Kwa hiyo kumwaga maji tu hakutoshi. Chombo chenyewe hakina budi kusuguliwa, kuwekwa mahali pasipofikiwa na mvua, au kuondolewa kabisa.

Mbu huyo ndiye aenezaye homa ya dengi, iitwayo pia kidingapopo, pamoja na chikungunya. Chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, katika nchi ya Wamakonde, na jina lake latokana na Kimakonde, likieleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Homa ya dengi iliushambulia mji wa Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Hakuna dawa iwezayo kuviua virusi vya homa hizo mwilini. Waganga humsaidia mgonjwa mpaka mwili wake wenyewe uvishinde. Basi tairi bovu alilolisahau mzee uani laweza kumlaza kitandani mtoto wa jirani.

2. Panya, mende na vumbi

Panya hupenda mahali pasipoguswa. Magunia na masanduku yaliyorundikwa humpa maficho, na punje zilizomwagika humpa chakula. Pamoja naye huja viroboto, na katika nchi zenye tauni hatari yake ni kubwa: panya akifa kwa tauni, viroboto humwacha na kutafuta damu nyingine, hata ya mtu aliyelala karibu. Watu wa Lushoto, mkoani Tanga, waliyaonja mateso hayo kuanzia mwaka 1980, na maradhi yakawarudia mara kwa mara kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini.

Mende nao hujificha katika karatasi na maboksi. Kinyesi chao na vipande vya miili yao huchanganyika na vumbi, na mtu mwenye pumu akilivuta vumbi hilo kifua humbana. Mama humpeleka mtoto hospitali mara kwa mara, na kumbe sehemu ya sababu i chini ya kitanda anacholalia.

3. Kuanguka na moto

Mzee ambaye macho yake yamefifia akiamka usiku huhitaji njia iliyo wazi. Akijikwaa katika ndoo au waya, aweza kuvunjika nyonga, na wazee wengi wakishavunjika nyonga hawarudii tena nguvu zao za kwanza. Vilevile, karatasi na matambara yaliyo karibu na jiko ni kuni zinazongoja cheche. Na mlango uliozibwa na mizigo huwazuia watu kutoka moto uwakapo.

4. Moyo usiotulia

Madhara si ya mwili tu. Kati ya mwaka 2001 na 2005, wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliyachunguza maisha ya jamaa 32 nyumbani mwao. Katika uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2010, wake kwa waume 60 walitakiwa waitembeze kamera nyumbani huku wakieleza wanachokiona, na mate yao yakapimwa kwa siku kadhaa ili ijulikane kiasi cha kortisoli, yaani kichocheo ambacho mwili hukitoa unapotaabika. Wanawake walioeleza nyumba zao kuwa zimejaa vitu na kazi zisizokwisha, kortisoli yao haikushuka vizuri mchana kutwa kama inavyopasa, na huzuni yao ilizidi. Kwa wanaume jambo hilo halikuonekana hivyo. Ni kweli kwamba uchunguzi huo hauthibitishi kwamba vitu ndivyo vilivyoleta huzuni. Huenda mwenye huzuni hukosa nguvu za kupanga. Lakini kwa vyovyote viwili, mzigo wa nyumba ulionekana kumwelemea mke zaidi.

Majibu ya mapingamizi

Huenda mtu akasema: "Akiba haiozi, leo sikihitaji, kesho nitakihitaji." Jibu ni kwamba akiba ya kweli haiozi kwa sababu hutunzwa. Nguo iliyoliwa na nondo na unga ulioingia wadudu si akiba tena. Mwingine atasema: "Sisi ni maskini, hatuwezi kutupa." Maneno hayo ni ya haki, wala maskini asidharauliwe kwa kuhifadhi msumari au kipande cha bati. Tunachoomba ni kwamba kipande hicho kiwe na mahali pake pakavu, asije akaitumia katika dawa fedha aliyotaka kuiokoa.

Tena wako watu ambao hawawezi kabisa kuachana na kitu chochote. Waganga wa akili wa Marekani waliliorodhesha jambo hili kuwa ugonjwa wa peke yake mwaka 2013. Katika mji wa New York, mwaka 1947, ndugu wawili, Homer na Langley Collyer, walikutwa wamekufa ndani ya nyumba iliyotolewa zaidi ya tani 100 za vitu. Langley alikuwa ameangukiwa na mizigo yake mwenyewe. Mtu kama huyo asichekwe, wala vitu vyake visitupwe kwa nguvu akiwa hayupo. Asaidiwe kwa upole na kwa matibabu.

Mafundisho ya dini

Mtukufu Mtume s.a.w. aliagiza kwamba usiku vyombo vifunikwe, midomo ya viriba ifungwe na taa zizimwe, kwani panya aweza kuuvuta utambi na kuwaunguza wenye nyumba. Agizo hilo limo katika Sahihi Bukhari. Tena katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba alitaja tandiko la mume, la mke na la mgeni, na la nne akaliita la shetani. Wanachuoni wamelieleza kuwa ni onyo juu ya kupita kiasi cha haja. Na Kurani Tukufu yatukataza kutoa katika njia ya Mungu kitu kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea (2:267). Basi nguo itolewe sadaka ingali nzima, wala tusimgeuze maskini kuwa jalala letu.

Njia ya kufuata

Usianze na nyumba nzima, utachoka. Anza na uvungu mmoja, na kila kitu ukiulize: Je, chatumika? Chaweza kutengenezwa juma hili? Yuko anayekihitaji kuliko mimi? Kila juma zunguka ua na kukagua kila chombo kiwezacho kushika maji. Wala mume asiseme kwamba hii ni kazi ya mke. Mtukufu Mtume s.a.w. mwenyewe alikuwa akiwasaidia watu wa nyumba yake kazi zao.

Ndugu msomaji, mahali pa sala hupasafisha kabla ya kusujudu. Nyumba yako ndipo wanapolala watoto uliokabidhiwa. Nayo yastahili uangalizi huohuo. Mwenyezi Mungu atujalie nyumba zenye nafasi na mioyo yenye utulivu. Amin.