Mafunzo Manne ya Kutengeneza Programu ya Simu na Kompyuta

Niliwahi kutengenezea chama cha msingi cha kahawa huku Mbinga programu ya kupokea mazao. Karani wa mizani alitumia simu ya Android, mhasibu alitumia Windows, na seva ilikuwa ya Linux. Wewe utatengeneza kubwa kuliko hiyo. Kuandika msimbo hakutakusumbua sana. Kitakachokutoa jasho ni kuuunganisha na maktaba za watu wengine mpaka programu ikubali kote.

1. Funga matoleo

Mwenzangu wa Mbamba Bay alichukua msimbo uleule uliokuwa ukikubali kwangu, kwake ukagoma. Nikamwambia kompyuta yake mbovu. Tukabishana mpaka salio likaisha. Kumbe alama moja ndogo, ^, kwenye orodha ya maktaba huiruhusu npm, zana ya kusakinisha maktaba, kuchukua toleo jipya zaidi, na yeye alipata jipya kuliko langu. Tangu toleo la 5 la mwaka 2017, npm huandika yenyewe faili la package-lock.json linaloshika matoleo kamili. Mimi nilikuwa nalifuta nikidhani ni takataka! Lihifadhi pamoja na msimbo, na usakinishe kwa amri ya npm ci, inayolifuata bila kubadili kitu.

2. Weka akiba ya maktaba

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota nchini, na msimu wa kahawa ulikuwa unabisha hodi. Msimbo wote nilikuwa nao, lakini Gradle, zana ya kujengea, ilikataa kujenga programu ya simu: ilitaka maktaba za mtandaoni. Ipo amri ya --offline, inayotumia maktaba ulizokwisha kupakua. Bahati mbaya nilikuwa nimezifuta ili kupata nafasi kwenye diski, tena nikajisifu kwa usafi. Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo atafute mbegu. Weka nakala kwenye diski ya nje.

3. Usiazime unachoweza kuandika

Tarehe 22 Machi 2016 mwandishi wa maktaba ya left-pad aliiondoa kwenye npm. Ilikuwa na mistari 11 tu, lakini miradi mingi duniani ikashindwa kujengeka. Nilicheka, kisha nikakagua orodha yangu: nilikuwa na maktaba nzima ya kuweka koma kwenye kilo za kahawa. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba nayo ilikuja na maktaba nyingine ambazo sikuwahi kuzisikia. Kabla ya kuongeza moja, tazama inaandamana na ngapi.

4. Jenga kote tangu mwanzo

Faili liliitwa Mkulima.js, ndani ya msimbo nikaandika mkulima.js. Windows haikujali. Linux ikasema faili halipo, nami nalitazama kwa macho yangu. Nilizima na kuwasha seva nikidhani imechoka. Tangu wiki ya kwanza, jenga kwenye mifumo yote kila unapobadili msimbo. Kosa la leo utakumbuka ulichogusa. La mwezi uliopita utalitafuta usiku kucha.

Kabla hujakabidhi kazi, chukua kompyuta isiyowahi kuuona mradi wako, uweke zana za kujengea, uchomeke diski yako ya akiba, uzime intaneti, kisha umwombe mtu mwingine aujenge mradi kwa kufuata maelezo yako. Akilazimika kukuuliza swali, hujamaliza.